Kabla Hujanunua RAM: Majibu kwa Wasomaji Wanaohariri Picha

Barua nyingi zilizofika mezani mwezi huu zinalalamikia jambo moja: programu ya kuhariri picha inaganda, inajifunga yenyewe katikati ya kazi, au inatoa ujumbe kwamba nafasi imekwisha, na fundi wa mtaani ameshasema kwamba dawa ni kuongeza RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta huifanyia kazi. Mara nyingine fundi huyo yuko sahihi. Hata hivyo, katika barua tano nilizozichagua ni mbili tu ambamo ninaishuku RAM, na katika mojawapo ya hizo tatizo si uchache wake. Nimejibu kwa kirefu pale ambapo kosa linaweza kumgharimu mtu fedha au kumpotezea picha za mteja. Majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini ili msomaji asipate tabu ya kuyatafuta.

Nimeongeza RAM, bado naambiwa diski imejaa

*Ndugu mwandishi, nina studio ndogo mjini Morogoro. Kazi yangu kubwa ni picha za pasipoti na za viza, na mwisho wa wiki napiga picha za sherehe. Photoshop ilianza kuniandikia kwamba haiwezi kukamilisha ombi langu kwa kuwa “scratch disks are full”. Nilikuwa na RAM ya gigabaiti 8, nikanunua nyingine, sasa ni 16, lakini ujumbe ni uleule. Ninachoshangaa ni kwamba unatokea zaidi ninapokata picha ya pasipoti, ambayo ndiyo picha ndogo kuliko zote ninazozitengeneza. Diski C imebakiwa na gigabaiti 9. Je, nirudi kwa fundi?*

Pole sana kwa gharama, ndugu yangu. RAM uliyoinunua itakufaa siku za sherehe, lakini haikuwa na uhusiano wowote na ujumbe uliokuwa unauona. Ujumbe wenyewe unataja diski. Photoshop ina utaratibu wake wa kujiongezea nafasi: picha iliyofunguliwa, leya zake (yale matabaka yanayopangwa moja juu ya jingine) na hatua zote unazoweza kuzirudia nyuma huwekwa kwanza kwenye RAM, na zisipotosha humwagwa kwenye sehemu ya diski ambayo programu inaiita Scratch Disk, nami hapa nitaiita diski ya kazi. Fundi cherehani akijaza meza hutandika kitambaa sakafuni aendelee kukata; sakafu nayo ikijaa, hana budi kusimama. Kompyuta yako imefika hapo pa kusimama, na kupanua meza hakukuondoa kilichojaa sakafuni.

Gigabaiti 9 zilizobaki kwenye diski C ni kidogo mno, kwa sababu Windows nayo inaitumia diski hiyohiyo kwa mahitaji yake. Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui. Photoshop ikifungwa kwa utaratibu, hufuta yenyewe mafaili yake ya muda. Umeme ukikatika, au programu ikianguka, mafaili hayo hubaki pale yalipo. Ifunge Photoshop kabisa, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika %temp% kisha ubonyeze Enter. Katika folda itakayofunguka, panga mafaili kwa ukubwa na utafute yale yanayoanza na maneno “Photoshop Temp” yakifuatiwa na tarakimu nyingi. Niliwahi kufanya hivyo kwenye kompyuta ya kijana mmoja mwenye studio kama yako, katika mtaa ambao umeme ulikuwa ukikatika karibu kila jioni. Tulikuta mafaili saba ya aina hiyo, la zamani kuliko yote likiwa na umri wa miezi mitano, na yote kwa pamoja yalikuwa yameshika zaidi ya gigabaiti 60. Tuliyafuta, na siku hiyohiyo kompyuta yake ikarudi kufanya kazi bila kununua chochote.

Baada ya kusafisha, ingia kwenye menyu ya Edit, chini kabisa ufungue Preferences, kisha Scratch Disks, na uchague diski ya ndani yenye nafasi kubwa, hasa kama una diski ya pili ya aina ya SSD, ile ya kasi. Usichague flashi wala diski ya nje inayoning’inia kwa waya, maana waya ukichomoka kidogo tu kazi yote inapotea. Ikiwa Photoshop inakataa hata kufunguka kwa kukosa nafasi, shikilia vitufe vya Ctrl na Alt wakati inawaka, nayo itakuuliza diski ya kazi iwe ipi. Angalia usiongeze kitufe cha Shift, kwa kuwa vitatu hivyo kwa pamoja ni amri ya kurudisha mipangilio yote kama programu ilivyokuja.

Sasa nije kwenye fumbo lako la picha ya pasipoti, ambalo ndilo lililonifanya niiweke barua yako ya kwanza. Picha ya viza ya Schengen ina upana wa milimita 35 na urefu wa milimita 45. Kwa pikseli 300 katika kila inchi, hiyo ni picha ya pikseli 413 kwa 531, yaani takribani pikseli laki mbili na elfu kumi na tisa, ambazo hazifikishi hata megabaiti moja. Lakini tazama vizuri ule mstari wa juu unapochukua kifaa cha kukatia picha. Ukiandika 35 na 45 pale wakati kizio kilichowekwa ni inchi, umeiambia programu itengeneze picha ya upana wa inchi 35 na urefu wa inchi 45, ambayo ni pikseli 10,500 kwa 13,500, karibu milioni 142, na inahitaji megabaiti 425 kabla hujaigusa. Tena kuna kisanduku cha tatu, cha idadi ya pikseli, ambacho nacho kina kizio chake. Ikiwa kimesomeka 300 kwa sentimita badala ya 300 kwa inchi, picha hiyo inafikia pikseli milioni 914 na gigabaiti 2.7, na kila hatua unayoifanya juu yake inadai nafasi nyingine. Hapo gigabaiti 9 zinamalizika mara moja, na wewe unadhani unashughulika na picha ndogo kuliko zote.

Nina hakika kubwa kwamba ndicho kinachokutokea. Bonyeza Clear kwenye mstari huo ili ufute vipimo vya zamani, kisha uandike kizio chenyewe pamoja na namba, yaani “35 mm” na “45 mm”, na uhakikishe kisanduku cha tatu kinasema px/in.

Siku nyingine ukitaka kujua kama kweli unahitaji RAM, usimuulize mtu, iulize programu. Pembeni chini kushoto mwa dirisha la picha kuna kishale kidogo. Kibonyeze na uchague Efficiency. Namba ikikaa kwenye asilimia 100 wakati wa kazi yako nzito kabisa, RAM inatosha. Ikishuka chini ya hapo kila mara na kukaa huko, Photoshop inaishi kwenye diski, na wakati huo fedha ya RAM itakuwa imepata kazi ya kufanya.

Bango la mita tatu linaigandisha kompyuta

*Mimi ni mbunifu wa mabango hapa Mombasa. Mteja ameniomba bango la harusi la mita 3 kwa mita 2. Nimefungua faili la ukubwa huo kwa pikseli 300 kwa inchi, kama tulivyofundishwa, kwa rangi za CMYK. Nikiweka picha ya maharusi na leya tatu za maua, kompyuta inaganda dakika nzima kwa kila hatua, na mwisho nimekataliwa kuhifadhi faili kama PSD. Kompyuta ina RAM ya 16. Nifanyeje?*

Ulichofundishwa ni sahihi kwa kadi ya mwaliko, ambayo mtu huishika mkononi na kuisoma kwa karibu. Bango la mita tatu hakuna anayelisoma kwa karibu namna hiyo. Kwa vipimo ulivyochagua, faili lako lina pikseli 35,433 kwa 23,622, yaani takribani milioni 837, na kwa kuwa CMYK ina rangi nne, kila leya iliyojaa inadai gigabaiti 3.3. Leya nne zinapita gigabaiti 13 hata kabla ya kuhesabu hatua za kurudi nyuma. Sababu ya kukataliwa PSD ni kwamba aina hiyo ya faili ina mpaka wa pikseli 30,000 kwa kila upande. Zaidi ya hapo unatakiwa kuhifadhi kama PSB, ambayo mpaka wake ni pikseli 300,000.

Hata hivyo sikushauri uhamie PSB. Shusha hadi pikseli 100 kwa inchi, nawe utakuwa na faili la pikseli 11,811 kwa 7,874, moja ya tisa ya lile la kwanza, ambapo kila leya ni megabaiti 372. Kwa bango linalotazamwa kutoka hatua tatu au nne, jicho halitaona tofauti. Muulize mchapishaji wako anapokea kiasi gani kabla hujaanza, kwa sababu mashine zinatofautiana, na mchapishaji mzuri hufurahi kuulizwa. Majina ya maharusi na tarehe yaache yabaki maandishi, usiyageuze kuwa pikseli, au uyapange kwenye programu ya michoro ya mistari kama CorelDRAW au Inkscape, ambako herufi hubaki kali kwa ukubwa wowote.

Wapo pia wabunifu wanaotengeneza bango kwa vipimo vya moja ya kumi, sentimita 30 kwa 20, wakidhani wameokoa kumbukumbu, kisha wanaandika pikseli 3,000 kwa inchi ili ubora usipungue. Hesabu inarudi palepale. Kinacholiwa na kompyuta ni idadi ya pikseli. Sentimita ni maelezo kwa mchapishaji tu.

Na kama picha ya maharusi uliipokea kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, imeshapunguzwa njiani, na hakuna namba utakayoiandika itakayorudisha nywele na shanga zilizopotea. Mwombe mteja akutumie upya kama dokumenti.

GIMP kwenye kompyuta ya gigabaiti 4

*Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi, naishi Kigoma, na kompyuta yangu ni ya RAM ya gigabaiti 4. Natumia GIMP kwa kuwa ni ya bure. Nikifungua picha ya kamera ya rafiki yangu ya megapikseli 24 inaenda vizuri, lakini nikiongeza leya chache kila brashi inachelewa, taa ya diski inawaka mfululizo, na kipanya kinasimama. Je, GIMP ni programu dhaifu?*

Marahaba, mwanangu. GIMP si dhaifu hata kidogo, na nimefurahi kwamba umechagua njia halali badala ya nakala za Photoshop zilizovunjwa kufuli, ambazo nimezikuta mara nyingi zikiwa na virusi ndani yake na zikianguka kwa namna ambayo hakuna anayeweza kuitibu.

Picha ya megapikseli 24 ni pikseli 6,000 kwa 4,000. Kwa biti 8 kwa kila rangi, leya moja ni megabaiti 72. Kwenye Preferences tazama ukurasa wa kuingiza na kutoa picha: ikiwa umeweka alama kwenye chaguo la kupandisha kila picha kuwa “floating point”, kila leya imekuwa mara nne, megabaiti 288, na kwa kompyuta yako huo ni mzigo. Ondoa alama hiyo. Kisha nenda System Resources, kwenye Tile cache size. Kiasi kilichoandikwa hapo ndicho GIMP inachoruhusiwa kushika kwenye RAM kabla ya kumwaga kwenye diski. Kwa gigabaiti 4, Windows na kivinjari vikiwa vimeshachukua sehemu yao, mimi ningeweka gigabaiti 1 na nusu hivi, na kivinjari ningekifunga kabisa wakati wa kazi. Ukiweka kubwa kupita RAM iliyo huru, Windows yenyewe itaanza kumwaga, na hiyo ndiyo taa unayoiona ikiwaka.

Fungua pia paneli inayoitwa Dashboard, utaikuta kwenye menyu ya Windows, chini ya Dockable Dialogs. Inaonyesha kwa mchoro kiasi cha Cache, yaani kilichoshikwa kwenye RAM, na kiasi cha Swap, yaani kilichomwagwa kwenye diski. Swap ikianza kupanda, unganisha leya ulizokwisha kumaliza, au futa historia ya hatua ukishaihifadhi kazi. Siku ukipata fedha, barua yako ndiyo moja katika barua hizi ambayo nitaijibu kwa kusema: nunua RAM.

Miraba myeusi inatokea juu ya picha

*Niko Zanzibar, nahariri picha za hoteli. Tangu kompyuta ijisasishe wiki iliyopita, nikivuta picha karibu kwenye Photoshop inajaa miraba myeusi, na alama ya brashi inaacha mkia nyuma yake. Nikihifadhi na kufungua picha hiyo kwenye simu, ni nzima. Rafiki yangu anasema picha zinaharibika na RAM imekufa.*

Wewe mwenyewe umeshalitatua nusu, dada au kaka, pale ulipoifungua picha kwenye simu. Kama faili ni zima na skrini ndiyo inayoonyesha uongo, kosa liko katika njia ya kuchora picha kwenye skrini, yaani kadi ya grafiki na draiva yake, ile programu ndogo inayoiendesha. RAM mbovu ingeharibu hata kile kinachohifadhiwa.

Thibitisha hivi: ingia Preferences, kisha Performance, ondoa alama kwenye Use Graphics Processor, funga programu na uifungue upya. Miraba ikitoweka, mshukiwa amejulikana. Usiache hivyo siku zote, kwa sababu baadhi ya vifaa, kama kile cha kuzungusha turubai, havifanyi kazi bila kadi ya grafiki. Pakua draiva kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kadi yenyewe, iwe NVIDIA, AMD au Intel. Ile inayoletwa na Windows wakati wa kujisasisha ndiyo ninayoishuku hapa. Rudisha alama, kisha utazame kwenye menyu ya Help mahali palipoandikwa GPU Compatibility.

Kama kompyuta yako ya mkononi ina kadi mbili, ile ndogo ya Intel na kubwa ya NVIDIA au AMD, huenda kusasishwa kumeipeleka Photoshop kwenye ile ndogo. Kwenye mipangilio ya Windows, chini ya System, Display na Graphics, unaweza kuiamuru itumie ile kubwa.

Nusu ya chini ya picha za harusi imekuwa kijivu

*Nakuandikia nikiwa na hofu. Nilipiga harusi Jumamosi hapa Dodoma, picha 700 kwenye kadi ya SD ya gigabaiti 64. Nilizihamishia kwenye kompyuta, na vijipicha vyote vinaonekana vizuri. Nikizifungua Lightroom, kiasi cha picha 40 zinakuwa nzuri kwa sekunde moja, kisha nusu ya chini inageuka kijivu, au rangi zinahama na kuwa waridi. Nimeiondoa Lightroom na kuiweka upya mara mbili. Mafaili mengine ni JPEG, mengine ni RAW. Bibi harusi anapiga simu kila siku. Kadi bado ninayo, sijaifuta.*

Maneno ya mwisho ya barua yako yamenipa faraja. Kabla hujasoma zaidi, itoe kadi hiyo ulipoiweka na usukume kile kitufe kidogo cha pembeni kwenye upande wa kufunga, ili kisomaji kisiweze kuandika kitu juu yake. Usiirudishe kwenye kamera kwa sababu yoyote.

Lightroom haina hatia. Ndani ya kila faili la RAW, yaani data ghafi ya kamera, na mara nyingi ndani ya JPEG pia, kamera huweka picha ndogo tayari kwa kuonyeshwa haraka; hiyo ndiyo unayoiona kwenye vijipicha na katika ile sekunde ya kwanza. Kisha programu inaanza kusoma faili lenyewe kutoka juu kwenda chini, na inapofika palipoharibika inashindwa. Katika JPEG data zimefungwa kwa mfuatano, kila kipande kikitegemea kilichotangulia, hivyo biti chache zikikosewa, kila kinachofuata kinahama mahali pake na rangi zake. Ndiyo maana sehemu ya juu ni nzima na ya chini ni kijivu au waridi. Kuondoa programu na kuiweka upya hakuwezi kubadili lolote katika hilo.

Swali kubwa ni mahali uharibifu ulipotokea: wakati kamera inaandika kwenye kadi, au wakati wa kuhamisha. Tafuta kisoma kadi kingine, waya mwingine, na ikiwezekana kompyuta nyingine ya rafiki, kisha unakili zile 40 tena kwenye folda mpya. Zikifunguka zikiwa nzima, kadi ilikuwa salama na njia yako ya kuhamisha ndiyo mbovu. Nina sababu ya kulisema hili kwa uzito. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na kompyuta ambayo haikuganda wala kuzima, lakini nikinakili folda ileile mara mbili, picha zilizoharibika mara ya kwanza zilikuwa nzima mara ya pili, na nyingine mpya zimeharibika. Nililaumu kadi, nikanunua mpya. Nikalaumu waya, nikabadilisha. Nilipoiacha MemTest86, programu ya kupima RAM, ikifanya kazi usiku kucha, asubuhi nilikuta mistari myekundu ya makosa imejaa skrini. Kipande kimoja cha RAM kilikuwa kinageuza biti chache kila zilipopita. Nilikuwa nimeshapoteza picha za ubatizo wa mtoto wa watu, kwa sababu niliifuta kadi mara tu baada ya kunakili.

Kwa hiyo pima yako. Windows ina kipimo chake, Windows Memory Diagnostic. MemTest86 ni cha kina zaidi, unakiweka kwenye flashi na kuiwasha kompyuta kupitia hapo. Kosa hata moja halikubaliki. Likitokea, zima kompyuta, acha kipande kimoja cha RAM, upime, kisha ubadilishe kingine, hadi umjue mkosaji. Wakati huo usihamishe wala kuhariri kazi ya mteja kwenye mashine hiyo.

Ikiwa kwenye kompyuta nyingine picha 40 zinaharibika vilevile na mahali palepale, uharibifu uko kwenye kadi. Hata hapo usikate tamaa. Kwa mafaili ya RAW, ile picha ya kuonyeshwa haraka iliyomo ndani yake katika kamera nyingi ni JPEG kubwa, mara nyingi ya ukubwa uleule wa picha kamili, na programu ya bure ya ExifTool, iliyoandikwa na Phil Harvey, inaweza kuitoa nje. Utakuwa umepoteza uhuru wa kurekebisha mwanga na rangi kwa upana, lakini bibi harusi atapata sura yake. Hiyo ndiyo njia ninayoiamini zaidi kwa hali yako. Kwa JPEG, jaribu PhotoRec ya Christophe Grenier, ambayo husoma kadi moja kwa moja bila kutegemea orodha ya mafaili. Inasaidia pale ambapo orodha ndiyo iliyovurugika. Iagize ihifadhi itakachokipata kwenye diski ya kompyuta, kamwe si kwenye kadi yenyewe. Palipoharibika data zenyewe haitaweza kuziunda upya, na asiwepo mtu wa kukutoza fedha kwa ahadi hiyo.

Mpigie bibi harusi leo, usimngoje akupigie. Mwambie ni picha ngapi, za sehemu gani ya sherehe, na unafanya nini. Katika picha 700, huenda nyingi kati ya hizo 40 zina ndugu zao zilizopigwa sekunde mbili kabla au baada.

Kadi nayo ipimwe, ila baada ya kila kitu kuokolewa na kuwekwa mahali pawili, kwa kuwa kipimo chenyewe kinaijaza kadi. Kwenye Windows tumia H2testw, kwenye Linux au Mac tumia F3. Huiandikia kadi data hadi mwisho, kisha kuisoma tena na kulinganisha. Zipo kadi za kughushi ambazo zimeandikwa gigabaiti 64 lakini ndani zina 8 au 16, na picha zote zinazopita kiasi hicho hupotea huku kamera ikiamini imezihifadhi. Kama zile 40 zako zote ni za jioni, mwishoni mwa kadi, ningeanza kwa kushuku hilo.